Mwalimu Naye Aingie Mchakamchakani

Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya wananchi vijijini kandokando ya redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na malaria. Maradhi hayo hayajatoweka, bali yameongezewa mengine ambayo humwandama kwa urahisi mtu wa kiti na meza. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba, miongoni mwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu.

Tumfikirie mwalimu wa kata ya Zombo, wilayani Kilosa. Mchana anafundisha, jioni anasahihisha madaftari, na akiambiwa habari za mazoezi hujibu kwamba hana nafasi. Hatumlaumu, lakini jibu hilo halitoshi tena. Mwaka 1996 Izumi Tabata na wenzake huko Japani walieleza habari za vijana waliopiga baiskeli kwa nguvu zote sekunde 20, wakapumzika sekunde 10, wakarudia hivyo mara saba au nane. Zoezi zima lilichukua dakika 4 hivi. Baada ya majuma 6, kwa pumzi hawakuwa nyuma ya wenzao waliokuwa wakipiga baiskeli saa nzima kwa mwendo wa wastani. Nalo Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba mtu mzima apate walau dakika 75 za mazoezi mazito kwa juma, hata zikiwa vipande vipande. Hizo ni kama dakika 11 kwa siku.

Dakika hizo zapatikana uani kabla ya kuoga: kukimbia papo hapo magoti yakipanda juu, kuchuchumaa na kuinuka, kupiga pushapu, au kuruka kamba ya katani, zao ambalo Kilosa inalijua vizuri. Mwenye shinikizo la damu, au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi, hana budi kupimwa kwanza zahanati na kuanza polepole.

Desemba 2016 Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Wito ulikuwa mwema. Hata hivyo, siku moja haiwezi kulipia mwezi mzima wa kukaa, na hatufichi kwamba mahali pengine kilichobaki ni fulana na picha.

Wengi wetu tulikimbia mchakamchaka tukiwa wanafunzi. Tulipopata ajira tukageuka wasimamizi: watoto wanakimbia, mwalimu amesimama kando na fimbo. Yafaa wakuu wa shule waanze wao wenyewe kuingia mstarini, asubuhi tatu kwa juma, wala hakuna fungu la fedha linalohitajika kwa jambo hilo. Wanafunzi watacheka siku ya kwanza, pengine na ya pili.