Tusiyaite Mawaa Yote ya Watoto kwa Jina Moja

Mtoto mchanga akionekana na waa jekundu usoni, aghalabu wazazi wake huambiwa, "Hiyo ni alama ya kuzaliwa, itapotea." Kauli hiyo hutolewa kwa nia njema. Hata hivyo, huwa kweli kwa mtoto mmoja na uongo kwa mwingine, nalo jina moja ndilo litupotoshalo.

Kuna lugha ambazo zimemtwisha mama lawama katika neno lenyewe. Kifaransa husema envie, Kitaliano voglia na Kihispania antojo. Kila neno kati ya hayo lina maana ya tamaa na pia ya alama ya kuzaliwa. Kiarabu nacho kina wahma, litokanalo na waham, yaani hamu ya mja mzito. Ilidhaniwa kwamba mama alikitamani kitu akakikosa, mtoto akatiwa alama. Dhana hiyo haina msingi wowote. Kiswahili, kwa maneno yake waa na baka, hakimlaumu mtu. Dosari yetu ni nyingine: tumeyachanganya yasiyofanana.

Mnamo 1982, wataalamu Mulliken na Glowacki wa Boston, Marekani, waliyagawa mawaa ya mishipa ya damu katika mafungu mawili. La kwanza ni hemanjioma, uvimbe wa seli za mishipa. Huwa hauonekani siku ya kuzaliwa, au huonekana kwa mbali tu. Hujitokeza katika majuma ya mwanzo, hukua kwa kasi hadi mwezi wa tano hivi, kisha hunywea polepole kwa miaka. La pili ni kasoro za maumbile ya mishipa, mathalani waa la rangi ya divai. Hilo huwapo tangu kuzaliwa, hukua pamoja na mwili na haliondoki lenyewe. Mwaka 2013 ilibainika kwamba chanzo chake ni badiliko katika jeni iitwayo GNAQ, litukialo baada ya mimba kutungwa. Halirithiwi, wala si kosa la mama.

Hivyo basi, maswali mawili mepesi hufungua njia: Je, waa lilikuwapo siku ya kuzaliwa? Je, limekua kushinda mwili wa mtoto? Nasi tukumbuke kwamba katika ngozi nyeusi wekundu huweza kufifia, waa likaonekana la zambarau au jeusi zaidi.

Hemanjioma nyingi hazihitaji dawa. Lakini iliyo karibu na jicho, pua au mdomo, au iliyofanya kidonda, haifai kungojewa. Mwaka 2008, Christine Léauté-Labrèze na wenzake wa Bordeaux, Ufaransa, walitangaza kwamba propranololi, dawa ya moyo na shinikizo la damu, huinywesha hemanjioma. Asiinunue mzazi kiholela, kwani huweza kushusha sukari ya mtoto mchanga na kupunguza mapigo ya moyo. Waa la divai, kwa upande wake, hufifishwa kwa miale ya leza; na likiwa kwenye paji la uso au ukope, mtoto apimwe shinikizo la jicho na achunguzwe kama ana kifafa.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Hemanjioma hukua kwa kasi mno katika majuma ya tano hadi ya saba, nayo chanjo ya majuma sita huangukia papo hapo. Ziara hiyo ya kliniki isipite bila waa kutajwa. Na waa la usoni lisingoje hata siku hiyo.

Nanyi walimu na wanafunzi, kazi ya istilahi ni yenu. Lifundisheni neno hemanjioma, lifundisheni waa la divai, hata mzazi aweze kumwambia daktari kwa Kiswahili sanifu kile akionacho. Mtoto mchanga hana kauli. Anategemea maneno yetu.