Mama wa Kipemba Hakuulizwa kwa Kiingereza

Mwandishi anayedai kwamba Kiswahili hakina ubavu wa kubeba sayansi aje Pemba. Mwaka 2006 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa kisiwani humu: watoto wachanga na wadogo waliopewa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, mahali palipojaa malaria, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa au kufa. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake. Ripoti ilitoka kwa Kiingereza, ndiyo. Lakini mtoto kaanza lini homa, kanyonya, kapumua vipi usiku? Hayo mama wa Kipemba hakuulizwa kwa Kiingereza. Lugha iliyobeba ushahidi huo ndiyo tunayoambiwa haitoshi darasani!

Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilizihamishia hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto wa mvuvi wa Wesha anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma. Anajua mwezi ukiandama bahari hukupwa mbali. Darasani anakaririshwa mvuto wa mwezi kwa maneno asiyoyaelewa, na jambo alilolijua tangu utotoni linageuka geni kwake. Huo ni wizi.

Istilahi? Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990. Kiingereza kifundishwe, tena vizuri, kama somo. Lakini ugonjwa kama kichocho uelezwe kwa Kiswahili, kwa konokono, maji na mkojo, mtoto aelewe kwanza.