Mikro ya studio iliyokwisha kutumika: inamsikia nani?

Kikundi kimoja kinachorekodi mazungumzo ya wamama kwa ajili ya redio ya mtaa kimetuuliza swali. Wamepata mikro ya studio iliyokwisha kutumika, na muuzaji anaisifu kwamba inasikia pande zote. Je, watoe feza kwenye sanduku la AVEC?

Msitoe hata franka moja kabla ya kuijaribu kwa alama zake zote.

Chukueni mfano wa NT2-A ya kampuni RØDE ya Australia. Ina swichi ndogo yenye alama tatu. Duara: inasikia kila upande sawasawa. Moyo: inasikia mbele, na nyuma inapunguza sana. Nane: inasikia mbele na nyuma, lakini ubavuni karibu hakuna kitu. Nane ni nzuri kwa watu wawili wanaoongea uso kwa uso.

Kwa nini jambo hili linatuhusu? Tukikaa mviringo na mikro iko kwenye moyo, nani huwa mbele yake? Mama kiongozi na mwandishi wake. Wajane, wasichana na mama aliyekuja mara ya kwanza wanakaa upande ule mwingine, na redioni watasikika kama watu walio nje ya nyumba. Kisha tunasema hawakuchangia! Kwa mkutano wa namna hiyo, wekeni duara, na mikro iwe katikati.

Sasa angalieni mtego. Ndani ya kichwa cha mikro hiyo kuna ngozi mbili nyembamba sana, moja inaangalia mbele, nyingine nyuma. Ya nyuma ikiharibika, alama ya moyo inaweza bado kutoa sauti nzuri. Muuzaji mjanja atawasikilizisha hiyo tu, na nyinyi mtalipa bei ya mikro ya alama tatu.

Mikro hii haitumii batri. Inapewa umeme wa volti 48 kupitia waya wake, kutoka kwenye miksa. Kuichomeka kwenye simu hakutoshi. Basi ombeni fundi wa kwaya au mwenye studio awapokee na miksa yake, na mvae visikilizio vya masikio. Msiongee kwenye ncha kama mikro ya kanisani, maana hii inasikia kwa ubavu. Kwenye RØDE, kitone cha rangi ya dhahabu kinaonyesha mbele ni wapi.

Mmoja aizunguke polepole akihesabu, mwingine asikilize. Fanyeni hivyo kwa kila alama, na mkigeuza swichi ngojeni kidogo sauti itulie. Kama kwenye nane nyuma ni kimya, au kama alama zote tatu zinasikika sawa, mrudishieni mwenyewe.

Halafu nyamazeni wote, mikro ikiwa inawaka, kwa robo saa nzima. Sisi wa kando ya ziwa tunajua unyevu unavyokula vitu. Mikro iliyoingiwa na unyevu au uchafu inaweza kutoa mlio kama sambaza wanaokaangwa. Mkiusikia, msikubali maneno ya "itakauka tu".

Hesabuni pia vinavyofuata: waya, kisimamio, miksa, na umeme wa kuwasha miksa. Mara nyingi hivyo ndivyo vinavyomaliza sanduku, si mikro yenyewe.

Na kama mnarekodia kwenye lupango penye jenereta ya jirani, watoto, na mvua juu ya mabati? Hapo duara itachukua vyote hivyo pamoja nanyi. Mimi ningechagua mikro ya mkononi kama SM58 ya Shure, inayotengenezwa tangu 1966. Ina moyo peke yake, haihitaji volti 48, na inavumilia kushikwa na watu wengi. Inapitishwa kutoka mkono hadi mkono, na kila mama anaisogeza karibu na mdomo wake anapopata zamu.

Lakini kama mna chumba kilichotulia na miksa iko tayari, na alama zote tatu zimejibu vizuri, ongeeni bei. Mweka hazina aende na shahidi, na muuzaji atie sahihi kwenye karatasi yenye namba iliyoandikwa kwenye mikro.