Basi la njano likifika tao, weka simu mfukoni

Kila muhula utayaona: mabasi ya njano yameegeshwa karibu na KICC, watoto wa sare wameshikana mikono, mwalimu anahesabu vichwa kwa mara ya kumi. Na hapo kando hakosi jamaa na simu. Anamrekodi mtoto anayeogopa kuingia lifti, anaongeza maneno "ushago wamefika", kisha anapakia TikTok. Kufikia jioni, mtoto huyo anachekwa na watu ambao hatawahi kukutana nao.

Huo si ucheshi, bana. Ni kumwaibisha mtoto ambaye hawezi kukujibu.

Kwanza, ana haki ya kushangaa. KICC ina ghorofa 28, ilifunguliwa mwaka wa 1973, na ukiwa juu kabisa unaona mji mzima. Sisi tunaoishi hapa, ni wangapi tumewahi kupanda?

Ama tuseme Archives. Kila mtu husema "tupatane Archives", halafu anasimama nje nusu saa akingoja mtu anayedai ako karibu. Ndani kuna kazi za sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka wa 1966. Wanafunzi wa kutoka mashambani huingia wakaziona. Sisi tunajua ngazi za nje tu. Sanamu ya Tom Mboya iko hapo karibu. Mwanafunzi atauliza aliuawa wapi. Jibu ni barabara hiyo hiyo, mwaka wa 1969. Wengi wetu hupita hapo kila siku na hatujui.

Sasa mshamba ni nani?

Pili, safari hiyo haikuja bure. Kuna mzazi aliyeuza kuku ama debe la mahindi ndio mtoto aone Nairobi siku moja. Mtoto mwenyewe aliamka kabla ya jogoo. Amekuja kuuliza maswali. Akichekwa mara moja, hatauliza lingine. Atainamisha kichwa mpaka basi lirudi. Hapo pesa ya mzazi imepotea, na mtoto anarudi nyumbani akiamini huu mji si wake. Na ni wake kama ulivyo wako.

Tatu, kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kutumiwa. Picha ya uso wake ni data. "Ni content tu" si idhini.

Kwa hivyo ukiwaona, dereva wa matatu, wangoje wavuke. Makanga, punguza matusi kidogo. Nawe mwenye simu, kama uko na video kama hiyo kwenye ukurasa wako, ifute leo. Ukiona ya mwenzako, usiisambaze, mwambie aitoe.

Halafu wikendi hii, ingia Archives. Umesimama nje vya kutosha.