Hiyo video ya mbegu ya avokado tuiache

Wasee, mbegu ya avokado, vijiti vya meno vitatu, glasi ya maji: hii video tuiache. Nasema nikiwa mkosaji, maana hata mimi niliiposti na laiki zikamiminika. Mche nikampelekea cucu Murang'a, akautengea kona ya shamba lake dogo. Huu ni mwaka wa 7. Mti umepita mabati, tunda hakuna. Kila nikienda ananiuliza, "Na ile avokado yako itazaa lini?"

Kosa si la mbegu, ni letu. Ukipanda mbegu ya Hass hupati Hass. Unapata mti mpya ambao tunda lake hakuna anayelijua, na unaweza kungoja hata miaka 10. Miti ya Hass dunia nzima ilitokana na mti mmoja wa California, ikasambazwa kwa vitawi.

Mtasema mti huo wenyewe uliota kwa mbegu. Kweli. Hata bahati nasibu kuna mtu hushinda.

Sisemi utupe mbegu. Ipande, ikifika unene wa penseli mwambie mtu wa nasari ya miche akuunganishie kitawi cha Hass. Miaka 3 hivi unakula. Huna subira? Panda papai au pasheni. Hizo kwa mbegu huzaa ndani ya mwaka mmoja hivi.

Ukiposti majani mawili, sema pia ukweli wa tunda. Mimi narudi kwa cucu na mtu wa nasari, tuukate ule mti, machipukizi yaunganishwe Hass. Hiyo ndiyo video nilimnyima.