Kipandauso cha Goenka na moyo usioyumba

Satya Narayan Goenka alikuwa mfanyabiashara tajiri mwenye asili ya India, mkazi wa Rangoon nchini Burma, ambayo leo ni Myanmar. Fedha anazo, lakini kipandauso kilimtesa. Kikimshika, nafuu aliipata kwa sindano ya mofini. Alizunguka kwa madaktari wa Ulaya, Marekani na Japan, akarudi na kichwa chake kilekile.

Mwaka 1955 alikwenda kwa U Ba Khin, Mhasibu Mkuu wa Serikali, mtu wa ofisini mwenye mke na watoto, ambaye pia alifundisha kutafakari kwa njia ya Kibuddha iitwayo vipasana. U Ba Khin alimkatalia kwanza. Alimweleza kuwa pale si mahali pa kutibia kichwa. Aje kwa ajili ya kusafisha moyo, na kichwa kikipoa iwe nyongeza. Goenka, aliyelelewa katika familia ya Kihindu yenye msimamo, alisitasita kwa miezi kadhaa kabla ya kukubali.

Mafunzo yenyewe ni siku kumi za kukaa kimya. Siku za mwanzo mtu anafuatilia pumzi tu, inavyoingia na kutoka puani. Baadaye anapitisha akili mwilini, kutoka utosini hadi vidole vya miguu. Pua ikiwasha, haikuni. Goti likiuma, anayaangalia maumivu yanavyopanda na kushuka bila kuyakasirikia. Linasikika kama jambo dogo, hadi ujaribu.

Hali hiyo ya moyo kutoyumba, kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha, ni upekha. Maandiko hayo yanataja jozi nne zinazomyumbisha binadamu: faida na hasara, heshima na kudharauliwa, sifa na lawama, raha na maumivu.

Wengi hudhani huko ni kuwa na moyo mgumu. Buddhaghosa, mtawa aliyeandika Sri Lanka katika karne ya 5, aliliona kosa hilo: alisema adui wa karibu wa upekha ni kutojali, kwa kuwa viwili hivyo hufanana kwa nje. Baba anayeendelea kutazama mpira huku mtoto analia hana utulivu wowote, hajali tu. Upekha huhesabiwa pamoja na upendo, huruma na kufurahia mema ya wengine.

Sasa chukua asubuhi ya kawaida nyumbani. Mtoto amemwagia uji sare ya shule, na gari la shule linapiga honi nje. Kabla mzazi hajafungua mdomo, kifua kimebana na uso umepata moto. Aliyejizoeza huuona moto huo mapema, akavuta pumzi mbili tatu, ndipo akasema. Bado anaweza kumkanya mtoto, ila hatamtukana.

Goenka mwenyewe alisema kichwa kilipona, ingawa kichwa cha mtu mmoja si ushahidi wa kitabibu. Mtihani mkubwa ulikuja miaka ya 1960, serikali ya kijeshi ilipotaifisha viwanda vyake. Muda uliobaki aliutumia kusoma zaidi kwa mwalimu wake. Mwaka 1969 alikwenda India, ambako mama yake alikuwa mgonjwa, na wazazi wake wakawa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza mjini Bombay. Hakumtaka mtu yeyote abadili dini.

Tahadhari zipo. Vituo vyake vyenyewe huwashauri wenye maradhi makubwa ya akili wasijiunge na mafunzo hayo. Anayetumia dawa asiziache. Azungumze na daktari. Na anayepigwa nyumbani asiambiwe atulie afuatilie pumzi. Kwanza atoke kwenye hatari.

Kwa wengine, dakika kumi alfajiri zinatosha kuanzia, simu ikiwa chumba kingine. Akili itakimbilia ada na bei ya gesi. Ni kawaida, irudishe kwenye pumzi, hata mara hamsini.