Mbwa Wako Kapigwa Sindano Gani?

Ndugu msomaji, jirani yangu mmoja hapa Kilwa Masoko anaye mbwa aliyeachiwa na marehemu baba yake pamoja na shamba la mihogo. Kazi ya mbwa huyo ni kufukuza nguruwe pori na nyani, na usiku hulala mlangoni. Mwaka jana alimuuma mtoto wa tatu wa mwenye nyumba kwenye muundi, bila kuchokozwa. Mama akafuta damu, akafunga kitambaa, akamtuliza mwanawe. Nilipomwuliza kama wamekwenda hospitali alinijibu kwa utulivu kabisa:

"La, ndugu yangu, huyu si mbwa wa kuzurura. Kapigwa sindano mwezi wa Ramadhani."

"Sindano gani, dada?"

"Sindano ya mbwa."

Siku ya tatu mbwa alianza kutoka udenda, taya limelegea na sauti imebadilika. Bwana Mifugo alipoitwa, akauliza swali lile lile niliilouliza mimi, ila yeye hakuridhika na jibu. Akamtafuta kijana apitaye mitaani na mkoba wa dawa, na ikajulikana kuwa alichompiga mbwa yule kilikuwa ivamektini, dawa ya upele. Upele ulikuwa umepona kweli. Lakini kwa kichaa cha mbwa, sindano ile ilikuwa sawa na maji.

Watu wengi wa mijini hudhani kuwa sindano ni sindano, na kwamba mnyama aliyedungwa amekwisha kukingwa. Yafaa tuzitenganishe. Ivamektini huua wadudu wa upele na baadhi ya minyoo. Chupa zinazouzwa kwetu aghalabu ni za ng'ombe, zenye kipimo cha mililita 1 kwa kila kilo 50 za uzito, na mbwa wetu wa kienyeji ana kilo 15 hivi. Mkono usio na ujuzi huzidisha kwa urahisi. Mbwa wa jamii ya koli, hata chotara wao, waweza kupooza na kufa kwa dozi ambayo wenzao huistahimili. Penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, ile nyeupe kama maziwa, hutibu vidonda vilivyooza na homa ziletwazo na bakteria, nayo haipigwi kamwe katika mshipa wa damu. Oksitetrasaiklini hutumika kwa baadhi ya homa za kupe. Vitamini humsaidia mnyama dhaifu, basi.

Ipo pia Berenil, ambayo wafugaji wa ng'ombe wanaijua vizuri kwa ajili ya nagana. Kwa sisi wa Kilwa, wenye mbung'o katika mapori yetu, si dawa ya ng'ombe peke yao, kwa kuwa mbwa naye huugua nagana, na dalili mojawapo ni macho kuingia ukungu mweupe. Lakini kwa mbwa tofauti kati ya dozi inayoponya na ile inayodhuru ubongo ni ndogo mno. Asiyekuwa na mizani asiiguse. Na wale wanaomdunga mbwa au paka dawa za maumivu za binadamu, kama vile diklofenaki, wajue kuwa humtoboa mnyama tumbo na kumharibu figo. Nimeona paka wa soko la samaki akifanyiwa hivyo kwa huruma tu, na hakufika asubuhi.

Katika dawa zote hizo hakuna hata moja inayozuia kichaa. Kinachozuia ni chanjo yake peke yake, ambayo hupigwa mbwa au paka tangu umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kama kadi inavyoelekeza. Hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, ingawa wachunguzi waliijaribu aina moja kwa mbwa wa Tanzania na kuona kuwa iliamsha kinga hata baada ya kukaa miezi 3 katika joto la nyuzi 30. Habari hiyo si ndogo kwa vijiji visivyo na jokofu.

Mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ina historia katika jambo hili. Kuanzia mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates, lilisaidia Serikali kuwachanja mbwa wa kusini mashariki mwa nchi pamoja na kisiwa cha Pemba. Lengo lilikuwa kufikia mbwa 70 katika kila 100, kiasi ambacho ugonjwa hukosa njia ya kupita. Pemba ulitoweka, ukarudi mwaka 2016, ukafutwa tena kwa chanjo. Huku bara kazi ina ugumu wake: uchunguzi wa miaka ya 2011 hadi 2019 ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya wanyama waliodhaniwa kuwa na kichaa katika mikoa hii miwili walikuwa bweha. Bweha haletwi kwa kamba kwenye uwanja wa shule. Mbwa wa shambani ndiye anayekutana naye usiku, na ndiye anayerudi mlangoni kwetu.

Aumwapo mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15. Watu wa pwani tumezoea kuosha palipoguswa na mate ya mbwa, na wengine hutia udongo kama dini inavyofundisha. Lakini penye jeraha udongo usiingie. Kisha hospitali, siku hiyo hiyo. Mbwa, kama anaweza kufungwa kwa usalama, afungwe atazamwe siku 10 badala ya kuuawa papo hapo, ila mtoto asingojee siku hizo ziishe. Dalili zikisha kutokea kwa binadamu, ugonjwa huu kwa kweli hauna tiba; ulimwenguni hukadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka.

Mtoto wa jirani yangu alianza chanjo siku ile ile Bwana Mifugo alipofika, akapigwa sindano zote kwa tarehe zake, na sasa yuko darasa la nne. Mbwa alikufa kesho yake. Wamepata mwingine, mwekundu, mwenye masikio makubwa, na kadi yake ya chanjo imewekwa katika mfuko mmoja wa nailoni na kadi za kliniki za watoto. Juzi kijana wa mkoba alipita tena. Mama akamwambia aitoe chupa nje, akaisoma jina herufi kwa herufi, akamrudishia.